Msimu Tulioziba Nyumba

Kolwezi, Jumamosi tarehe 11 Oktoba 1975

Naanza kuandika leo kwa sababu jambo kubwa limeingia mtaani kwetu, na kesho watu watasema fulani ndiye aliyelifanya, fulani ndiye aliyelifanya. Uongo. Ni mi, citoyen, yaani raia, Tshilombo, zamani Henri kabla majina ya wazungu hayajakatazwa, fundi wa umeme. Shule nilifika darasa la nne. La tano niliacha mwenyewe, mwalimu alikuwa anachoka na maswali yangu.

Waliokuwepo wanajua. Courant, umeme wa bwawa la Nzilo, ilipovutwa kuja mjini, waya ulikuwa mzito, wanaume arobaini wakashindwa. Mi nikauweka begani, nikaanza kuimba. Nilifika Kolwezi jioni, wale arobaini wakafika kesho yake wakaniomba maji. Tangu siku hiyo jina langu ni Kilovolti. Jirani yangu Mukalay anasema nilikuwa mlinzi wa geti tu pale kituo cha umeme. Sawa, nililinda geti. Na nyuma ya geti kulikuwa nini? Umeme wote wa Kolwezi, nyuma ya mgongo wangu. Ulinde wewe tuone.

Mukalay ni mtu wa Lubudi, alifanya kazi ya reli mpaka ikamchoka. Mke wangu naye ni wa Lubudi. Alirudi kwao mwaka jana, anasema nasema sana. Kwa hiyo Mukalay namwita shemeji, naye ananiita shemeji, na hakuna hata mmoja wetu anayefurahi.

Leo ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya Jumamosi. Tulikuwa tunafukua mifereji, gari likasimama. Akashuka Citoyen Ngeleka, ingénieur wa nyumba, kijana mwenye suti ya abacost iliyonyooka na viatu ambavyo havijawahi kukutana na tope. Nyuma yake Citoyen Banza, mkubwa wa chama hapa mtaani. Ngeleka akasoma sheria mpya. Courant haitoshi mji. Nyumba mbovu ndizo zinaimaliza, zinaachia baridi iingie na joto litoke. Tangu sasa kila nyumba yenye waya itazibwa: ule mwanya wote kati ya ukuta na bati, nyufa za dirisha, chini ya mlango. Muda ni mpaka katikati ya mvua, atakuja kukagua. Nyumba isiyozibwa itakatwa waya, itapigwa msalaba mwekundu mlangoni, na wenyewe watahamia ng'ambo ya reli, kule kwenye vichaka.

Bilonda akainua mkono. Huyu ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea mi. Ana mtoto mchanga mgongoni, Mbombo.

"Tata ingénieur, miye courant yangu ni ampoule moja ya taa. Inakula nini?"

"Sheria ni moja kwa bote, mama."

"Hata mvula ni moja kwa bote, tata. Lakini inaingia kwa mwenye matundu."

Watu wakacheka mpaka wakaangusha majembe. Mi niliona haya. Mtu amekuja na gari, wewe unamjibu kama muuza dagaa!

Banza akauliza nani hapa anajua mambo ya ujenzi, akae kwenye kamati. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Nikapewa brashi na kopo la rangi nyekundu. Mukalay alitema mate pembeni. Niliyaona.

Jumapili tarehe 12

Mvua ya kwanza. Mukalay amesema brashi imenikaa vizuri mkononi, hatimaye nina kazi. Nimemjibu mambo ambayo Jumapili hayaandikwi.

Jumamosi tarehe 18

Tumeanza kuziba. Wengine walileta magunia, wengine karatasi za saruji. Nikawaambia watoe takataka hizo. Udongo wa kichuguu, peke yake. Mchwa ameutafuna, ameulowesha kwa mate yake, mvua ya miaka yote haijaushinda. Wazee wetu wanajengea tanuru za matofali kwa udongo huo. Mi nauponda, nauchanganya na majivu kidogo, naulaza chini ya majani ya ndizi, halafu naupaka kwa mkono na kuusugua kwa chupa mpaka unang'aa. Ukikauka, hata sisimizi anaomba ruhusa. Mzungu mmoja aliwahi kuniomba siri hii, akanipa baiskeli, nikairudisha.

Nyumba ya Banza tulimaliza haraka. Ni ya matofali ya kuchoma, ina plafond, dari safi, na jiko lake ni la umeme. Ya Bilonda ni ya matofali ya udongo, vyumba viwili chini ya bati bila kitu katikati. Mumewe Kisimba yuko mgodini Kisenge. Tangu treni ya Angola isimame, manganèse imerundikana kule na mishahara imesimama nayo, Kisimba hajarudi. Bilonda anaishi kwa mikate yake ya kukaanga. Anaamka kabla ya jua, anawasha mbabula, jiko lake la makala, yaani makaa, na wachimbaji wa zamu ya asubuhi wanaona ampoule yake kutoka barabarani, wanakata kona. Ampoule ikizimika, watapita moja kwa moja. Na nyumba ikipigwa msalaba, huko vichakani mikate atamuuzia nani, nyoka?

Kwa hiyo niliiziba mi mwenyewe, kwa upendo. Yeye akasimama chini ya ngazi na mikono kiunoni.

"Mujomba, hapo njo palepale moshi unatokea."

"Moshi utoke mlangoni kama mtu mwenye adabu."

"Na mvula ikipiga mulango?"

"Utapika nje."

"Nje, mu mvula?"

"Basi Kisimba akirudi akununulie jiko la umeme kama la Banza."

"Na lile jiko, mujomba, njo halitakula courant?"

Hayo ni maswali ya wanawake. Nikasugua na chupa. Ungeona uso wako ukutani.

Ijumaa tarehe 24

Mvua. Hakuna la kusema.

Jumamosi tarehe 1 Novemba

Kuku wa Bilonda wamekufa. Mvua ikinyesha huwa anawaingiza ndani, chini ya meza, karibu na mbabula wapate joto. Leo asubuhi amewakuta wamelala, majike na jogoo, hakuna jeraha, hakuna damu, upanga wa jogoo mwekundu kama alikuwa anataka kuimba.

Sikuhitaji mganga. Wiki iliyopita Mukalay alilalamika mbele ya watu kwamba jogoo huyu anamwamsha. Nilikwenda kwake nimeshika jogoo kwa miguu.

"Umeua kuku wa mtoto yatima."

Alikuwa anakula. Hakusimama.

"Shemeji, kama miye nilitaka kuua jogoo mwenye makelele, singeanzia na huyu mudogo."

"Umewapa sumu!"

"Sumu ni bei. Weye ungetaka nitumie makuta, feza yangu, kwa kuku?"

Nikamtupia jogoo kwenye sahani. Akamtoa, akapangusa bukari, ugali wake, akaendelea kula. Mtu wa aina hiyo ni hatari sana.

Jumamosi tarehe 8

Mtaa mzima umezibwa isipokuwa nyumba moja. Mukalay amekataa udongo wangu. Anasema alifanya kazi miaka yake yote ndani ya moshi wa treni na sasa anataka kufa akiwa anaona hewa. Banza akaniangalia. Nikachukua brashi.

Mukalay alitoa kiti, akaketi mbele ya mlango wake kuniangalia ninavyochora.

"Andika muzuri, shemeji. Musalaba wako umeinama kama mwenyewe."

Jumatatu tarehe 10

Leo wamemkata Mukalay waya; kuvuka reli kunasubiri ukaguzi. Jioni nyumba yake ilikuwa giza na mi nikawasha ampoule yangu, hata ile ya nje, ingawa sikuwa na kazi nayo.

Jumatano tarehe 19

Ngeleka ameniita kwake nimpelekee mfano wa udongo. Kwake! Mtaa wa wakubwa, barabara ina miti pande zote mbili. Mukalay alikuwa anapita, nikahakikisha ameuona mfuko wangu.

Nimeona mambo. Dirishani kuna mashine inayotapika baridi, inanguruma, na ndani hakukuwa na mtu. Kuna pipa la kuchemsha maji ya kuoga. Taa ya barazani ilikuwa inawaka saa sita mchana, inashindana na jua. Hata kibanda cha mbwa kina ampoule. Nikajisemea, huyu mbwa na Bilonda ni sawa kwa courant, ila mbwa hakusomewa sheria.

Halafu nikainua macho. Juu ya kuta zake, chini ya bati, kuna matundu. Mstari mzuri wa matundu, yana wavu. Na jiko lake lina bomba la moshi linalopanda mpaka nje.

"Citoyen ingénieur, hapa hapajazibwa."

Akacheka. "Hiyo ni ventilation, tata. Iko mu plan ya nyumba."

"Na zetu?"

"Zenu hazina plan."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayekwambia leo ni Jumatano. Akanipa bia, nikainywa kwenye ngazi za nyuma. Ilikuwa baridi sana, bia nzuri. Nilipoimaliza niliyahesabu tena yale matundu.

Ijumaa tarehe 28

Bilonda anaumwa kichwa kila asubuhi. Mbombo anatapika maziwa. Malaria. Nimewapelekea kinini. Bilonda akasema kichwa kinapona akitoka nje. Nikamwambia malaria nyingine ziko hivyo, niliwahi kuwa nayo moja huko Musumba, ilikuwa inanishika kivulini tu.

Alhamisi tarehe 4 Desemba

Mvua mchana na usiku. Kopo la rangi limejaa maji.

Jumanne tarehe 9 Desemba

Leo ninaandika polepole.

Mvua ilianza alfajiri na haikupumua. Mi nilikuwa kwenye baa ya Mulumba tangu asubuhi, wanaume wamekwama pale kwa ajili ya maji, nikawa nawasimulia yule mamba wa Lualaba niliyemfunga mdomo kwa mkanda wa suruali. Nilikuwa nimefika pale suruali inapoanza kuteremka. Mama Mulumba akaingia, kitenge kinamwaga maji.

"Kilovolti, kimbia. Kwa Bilonda."

Nilipofika, mlango ulikuwa umevunjwa, umelala kwenye tope. Bilonda alikuwa chini, nje, mvua inampiga usoni na yeye hafumbi macho wala hafumbui. Na Mukalay alikuwa amepiga magoti, amemshika Mbombo kichwa chini, anamsugua kifua kwa ule mkono wake wa reli kama anamchuna ngozi.

Mi niliona nini? Niliona mtu aliyeua kuku. Niliona mtu wa msalaba mwekundu, amevunja mlango wa mtoto wangu, ameshika mtoto wa mtoto wangu. Nilimpiga. Nilimpiga mdomoni kwa ngumi, nikasikia jino. Hakuinua mkono. Alikunja mgongo tu ili nimpige hapo, akaendelea kusugua. Nikampiga mgongoni. Nilikuwa nalia, nadhani.

Ndipo Mbombo akakohoa. Halafu akalia, kilio kibaya, kama mlango mkavu.

Mukalay akanigeukia, damu inachanganyika na mvua kidevuni.

"Sasa piga. Mikono yangu haina kazi tena."

Sikupiga.

Tulimbeba Bilonda juu ya ule mlango mpaka dispensaire, zahanati yetu, Mukalay mbele, mi nyuma, Mama Mulumba pembeni na Mbombo. Njiani Mukalay alinieleza maneno machache. Hakusikia mafuta yakilia kwa Bilonda, na kila asubuhi huwa anayasikia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani kwa ajili ya maji. Akaita, akaita, akachukua nyundo.

Infirmière, muuguzi wa pale, alimfunua Bilonda macho, akanusa nguo zake.

"Alikuwa anapika kwa makala?"

"Ndiyo."

"Nyumba imezibwa?"

"Imezibwa vizuri sana," nikasema. Ndivyo nilivyosema, vizuri sana.

"Makala yanakula hewa ya ndani, tata. Mwenye nyumba analala, hasikii maumivu, anakwisha. Nani alimuzibia?"

"Kamati."

Mukalay alikuwa amesimama pale na kitambaa mdomoni. Angeweza kusema. Aliangalia ukuta.

Jumatano tarehe 10

Bilonda amefungua macho. Mbombo ananyonya.

Alhamisi tarehe 11

Sikulala. Makala tumeyapikia tangu babu zetu, yataanza kuua watu mwaka huu? Infirmière ni msichana mdogo. Asubuhi mvua ilipungua nikaurudisha mlango mahali pake, nikawasha mbabula ya Bilonda, nikamwambia Mukalay: "Nakaa ndani. Kama kuna mchawi, aje kwa Kilovolti."

"Mulango unafunga?"

"Nafunga."

"Utaimba?"

"Juu ya nini niimbe?"

"Imba, shemeji. Ukinyamaza njo nitajua umekufwa ao umeanza kuwa na akili."

Nikaimba. Hakukuwa na moshi hata kidogo, makala yalikuwa mekundu, mazuri, nyumba tulivu. Nilifikiri, hii ndiyo nyumba niliyoijenga, hakuna upepo, hakuna mdudu. Halafu kichwa kikaanza kugonga kwa ndani kama mtu anaomba kutoka. Maneno ya wimbo nikayasahau, na ni wimbo wa mama yangu. Nikataka kusimama. Miguu ilikuwa ya mtu mwingine.

Mukalay alinivuta kwa kifundo cha mguu, mgongo wangu ukapita juu ya kizingiti kama gunia la mihogo. Nikatapika kwenye maji ya mvua. Yeye akaketi kwenye ndoo, ameshika mdomo wake uliovimba ili kucheka kusimuume.

"Umefika wapi? Nzilo?"

Nikalala pale nikiangalia ukuta wangu kwa nje, mstari wa udongo wa kichuguu chini ya bati, umenyooka, unang'aa. Hakuna fundi mwingine Kolwezi angeweza kuupaka hivyo.

Nikamwambia: "Kuku ni mi."

"Najua. Kuku nilijua siku nilivunja mulango. Miye nilinyamaza juu unanipendeza ukikasirika."

Jumamosi tarehe 13, salongo

Nimekwenda kwa Banza nikamwambia tufungue matundu nyumba zote za makala. Nikamwambia nyumba ya ingénieur yenyewe ina matundu. Nikamwambia Bilonda.

Alisikiliza huku anafuta miwani.

"Citoyen Tshilombo, sheria haikusema nyumba za makala na nyumba za umeme. Imesema nyumba."

"Aliyeiandika anapikia umeme."

"Basi na beye bapikie umeme."

"Wanaambiwa umeme hautoshi!"

"Angalia sauti yako. Ingénieur anakuja kukagua Januari. Nikiona tundu kwa Bilonda, waya unakatwa na anavuka reli. Nikiona kwako, vilevile. Weye njo uliziba mutaa, weye njo utaulinda."

Nilitaka kumwambia anachofanana nacho. Lakini ampoule ya Bilonda iko mkononi mwa mtu huyu. Nikamwambia ndiyo, citoyen. Mi, Kilovolti, ndiyo, citoyen.

Jumanne tarehe 16

Bilonda amerudi. Nimemkataza kuwasha mbabula ndani. Mukalay akatoa bati bovu la reli tukamtengenezea kibanda nje. Bilonda hajanisemesha. Ananipitia kama mi ni rangi tu ukutani.

Alhamisi tarehe 18

Upepo umebeba kibanda. Bati tumelikuta kwa Mulumba. Mafuta yote yaliingia maji, wachimbaji walisimama kidogo, wakaenda kununua kwingine.

Jumatano tarehe 24

Noeli inakuja, Bilonda amebakiwa na unga wa mwisho. Leo nimesikia mafuta yanalia ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Nikaugonga kwa ngumi zote mbili.

Akafungua kidogo, jasho linamtoka. Mbombo alikuwa amemlaza kwenye beseni nje, chini ya mwavuli.

"Nikipika nje, mvula inazima. Nikipika ndani, ninazimika miye. Nikitoboa, banazima ampoule. Mujomba, weye fundi, chagua unizime namna gani."

Nikaushikilia mlango wazi, mgongo wangu ukipigwa na mvua, mpaka mikate ikaiva. Andika hapo, tarehe ishirini na nne Desemba, Tshilombo alikuwa mlango.

Jumamosi tarehe 3 Januari 1976

Banza ametangaza kwenye salongo: ukaguzi ni Jumamosi ijayo. Ingénieur mwenyewe atapita. Nyumba ya mfano, atakayoingia ndani, ni ya Bilonda, kwa sababu ndiyo iliyozibwa vizuri kuliko zote. Watu wakanipigia makofi. Banza ndiye aliyeanza.

Mukalay hakupiga. Jioni nilikwenda kwake, kwenye giza lake, nikabisha.

"Ile nyundo yako ya reli bado unayo?"

"Unataka kunipiga nayo?"

"Nataka usimame nje ya ukuta wa Bilonda, upande wa nyuma. Nikigonga, upige."

Akaitoa nyundo chini ya kitanda. "Na nikisinzia?"

"Basi utakuwa umetuua wanne, shemeji: ingénieur, Banza, mi, na jina langu."

Jumamosi tarehe 10 Januari

Mungu alileta mvua. Mi nilikuwa nimeiagiza, lakini sikutegemea itafika kwa saa.

Asubuhi nilimpeleka Bilonda na Mbombo kwa Mukalay. Nikaijaza mbabula makala, nikayapuliza mpaka yakawa mekundu yote, nikaweka viti vizuri, na sahani ya mikate juu ya meza. Ngeleka akashuka garini na mwavuli, Banza nyuma yake analowa. Wakakimbilia ndani. Nikafunga mlango, nikaegemea.

"Maji yanaingia chini," nikasema. "Karibuni, citoyens. Kuleni."

Ngeleka akazunguka akiangalia juu. Akapitisha kidole kwenye udongo wangu.

"Huyu mutu ni fundi kweli. Hakuna hata pumzi inapita."

"Hata moja, citoyen."

"Njo maana ya sheria. Unaona, Banza? Hata kwa mafukara inawezekana."

Wakaketi. Walikula. Joto lilikuwa tamu, mvua inapiga bati juu kama ngoma, Ngeleka akatueleza nyumba za Ubelgiji zinavyozibwa. Mi nilikuwa nimetia pua yangu kwenye ufa wa mlango nyuma ya bega, ufa nilioutengeneza mwenyewe kwa kisu jana. Sheria ni moja kwa wote, lakini mi ndiye fundi.

Halafu maneno ya Ngeleka yakaanza kukaa mbalimbali. Akafungua kifungo cha abacost. Akashika paji la uso.

"Kuna moto sana. Fungua mulango kidogo."

"Nikifungua hewa inatoka, citoyen. Unajua."

"Fungua, nimesema."

"Nyumba inakaguliwa. Sitaki nikatwe waya."

Banza akatapika. Katikati ya miguu yake, juu ya viatu. Ngeleka akasimama, akaja mlangoni, akanishika shati. Kwa ule mkono wake laini ningeweza kukaa pale mpaka Pasaka. Akageuka, akapanda juu ya kiti, akavua kiatu, akaanza kupiga udongo juu ya ukuta kwa kisigino. Alipiga, akapiga. Udongo haukuacha hata unga. Na nitaandika ukweli: nilifurahi. Kichwa kinanigonga, na bado nikajisemea, unaona? Udongo wangu.

"Anakufwa mutu hapa!" Ngeleka alipiga kelele. Alikuwa analia.

"Ndiyo, citoyen. Mu nyumba hii hii. Mama na mutoto. Mulango ulikuwa umefungwa juu ya mvula."

Nikagonga ukuta.

Kimya. Nikagonga tena. Kimya. Nikafikiri, shemeji, leo ndiyo unanilipa jino lako.

Ndipo nyundo ikaingia. Tofali lililegea, kipande cha kichuguu kikaanguka mezani katikati ya mikate, na mwanga ukaingia, na mvua nyuma yake. Ngeleka akaweka mdomo wake wote kwenye tundu kama mtoto kwenye ziwa la mama.

Nikafungua mlango.

"Hiyo inaitwa ventilation," nikamwambia. "Sasa na nyumba yetu ina plan."

Alitambaa mpaka nje na kiatu kimoja. Watu walikuwa wamejaa kwenye mvua, mtaa mzima, na wote wakamwona akiwa kwa mikono na magoti. Hakuna aliyecheka. Bilonda alitoka kwa Mukalay, Mbombo mgongoni, akamwinamia.

"Pole, tata. Kichwa kitapona ukikaa nje. Na miye kilikuwa kinapona vile."

Jumatatu tarehe 12

Nimeitwa zone, ofisi ya serikali. Nalala hapa, daftari liko ndani ya shati. Nimepigwa kidogo, nimewaambia mamba alikuwa na mkono mzito zaidi.

Alhamisi tarehe 15

Wameniachia. Nimenyang'anywa brashi, nimekatwa waya, na Banza ameuchora msalaba kwenye mlango wangu yeye mwenyewe. Umepinda, rangi imemwagika. Kosa langu ni kumfungia mlango mkubwa wa serikali. Juu ya matundu hakuna aliyesema neno. Ili Ngeleka alitaje lile tundu, lazima kwanza aeleze mdomo wake ulikuwa unafanya nini pale.

Jumamosi tarehe 17, salongo

Leo hakuna aliyechukua jembe. Walikuja na nyundo, mitwangio, vyuma vya reli. Nyumba baada ya nyumba, juu ya ukuta, chini ya bati. Udongo wangu uliwatoa jasho, nilipita nikiwaeleza pa kupiga maana wenyewe wasingeweza. Banza alibaki kwake, dirisha lake limefungwa vizuri sana. Sheria haijafutwa. Ipo. Ila hakuna anayetaka kuja kuikagua mvua ikinyesha, wala kutuhamisha mi na Mukalay.

Jumatano tarehe 21

Giza kwangu. Kilovolti bila ampoule. Mukalay amepita kuniuliza kama nataka kununua mshumaa.

Jumamosi tarehe 24

Kabla ya jua nilitoka kufuata mwanga. Ampoule ya Bilonda ilikuwa inawaka, mlango umefungwa kwa ajili ya mvua, na juu ya ukuta moshi ulikuwa unatoka tundu kwa tundu, unajipanga. Nikaingia. Mukalay alikuwa ameshakaa kwenye benchi. Naye hana courant. Akasogea, lakini kidogo tu, ili nikae kwa tako moja.

Bilonda alinipa mkate wa kwanza. Aliutupa kwenye kiganja changu ukiwa bado unachoma. Wa kwanza, lakini.

Wachimbaji wakaanza kuingia na kofia zao zinadondoka maji. Mmoja kijana, mgeni, akauliza kwa nini wananiita Kilovolti. Nikamweleza waya wa Nzilo, ulivyokuwa mzito, wanaume hamsini wakashindwa.

"Walikuwa arobaini," akasema Mukalay na mdomo wake wenye pengo.

"Hamsini. Kumi walijificha walipokuona unakuja."

"Kama ulibeba courant yote ile, shemeji, juu ya nini uko hapa unaota moto wa mwanamuke?"

Nikafungua mdomo kumjibu, nilikuwa na jibu refu, zuri. Bilonda akageuza mkate kwenye mafuta, akamweka Mbombo vizuri mgongoni.

"Mujomba," akasema, "hewa ingine uachie mutoto."

Nikamwachia.